Mguu Mtupu Kitonga

Mama Osmund ndiye aliyelianzisha. Kama yule bibi angefunga mdomo wake asubuhi ile, Lwiza Kikoti angepanda mlima, angeshinda, angepewa kibao chake cha kijani na kurudi zake Iringa akiwa bingwa mara ya pili, na hakuna ambaye angejua lolote. Lakini nani amewahi kumfunga Mngoni mdomo?

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mstari wa kuanzia, chini kabisa ya mlima wa Kitonga, mwavuli mwekundu mkononi, miguu yake iliyovimba ameipandisha juu ya kreti la soda. Mwanawe, Osmund Gama, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulijaribu gari lake, na moshi wa matairi ulikuwa bado unaelea. Lwiza naye akarudi kutoka kwenye jaribio lake, akalisimamisha gari lake dogo jekundu aliloliita Nyegere, akashuka peku kama ilivyo desturi ya madereva wa mashindano ya Mguu Mtupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mhehe. Mbwa wa jirani yangu haonekani tangu mfike hapa. Nimuulize nani kama si nyie mnaokula mbwa?"

"Muulize mwanao. Nyie mnakimbia tangu kwa Wazulu huko kusini, mbwa kadhani mmeanza tena, kawafuata."

Watu wakacheka. Zamani sana Wahehe na Wangoni walipigana mpaka wakachoshana, na walipoona hakuna anayemmaliza mwenzake wakaamua kubaki kutukanana tu, wao na wajukuu zao. Tusi la mtani halikasirikiwi, na kitu alichochukua mtani hakidaiwi. Hayo yalikuwepo kabla ya magari kufika nchi hii, na yalikuwepo bado sasa, zama ambazo magari yenyewe yalikuwa hayamhitaji tena mtu.

"Haya, sasa nikuulize la kweli," bibi akasema, akaelekeza ncha ya mwavuli kwenye lami. "Mwanangu kaandika jina lake pale. Wewe umeandika wapi?"

Lwiza akatazama. Njia ya upande wa mlima, alipoondokea Osmund, ilikuwa na mistari miwili mipana, myeusi ti, raba iliyoachwa na matairi yaliyosaga barabara kabla ya kuishika. Madereva waliotolewa jana nao walikuwa wameacha mistari yao, mingine mirefu, mingine imepinda. Njia yake yeye, ya upande wa bonde, ambayo alikuwa ameondokea asubuhi nzima kwa nguvu zote za mota nne, ilikuwa kijivu. Vumbi kidogo. Ganda la kitunguu.

"Unaondoka kama mtu anayetoroka kanisani wakati wa sadaka," bibi akamalizia. "Hata kishindo hakuna!"

Watu wakacheka tena. Safari hii Lwiza hakucheka, akainama kuigusa ile lami ya kijivu.

Tuelewane kuhusu Shangazi kabla hatujaenda mbali. Kila gari nchini lilikuwa naye. Kwenye sheria jina lake lilikuwa refu, kidhibiti mtelezo cha nini na nini, lakini watu walimwita Shangazi kwa sababu alikuwa haulizwi, anaingia tu. Tairi likianza kuzunguka haraka kuliko barabara inavyopita chini yake, yaani likianza kuteleza, Shangazi alilihisi kupitia ngozi ya tairi lenyewe, akalipunguzia nguvu kabla mwenye gari hajapepesa jicho. Aliokoa watu wengi, hilo tusimnyime. Ila baadaye wenye magari wakamwachia mguu wote, kisha usukani, kisha wakalala viti vya nyuma, na vikakua vizazi vya watoto ambao mguu wao haujawahi kusogeza kitu chochote.

Ikabaki Kitonga. Malori yalikuwa yamehamia kwenye handaki, barabara ya zamani ikaachiwa nyani, na mara moja kwa mwaka madereva wachache waliruhusiwa kumzima Shangazi na kupanda mlima kwa mguu wao wenyewe. Mshindi alipewa kibao cha kijani cha Mguu Huru: mwaka mzima aendeshe kwa mguu wake popote apendapo, mtu mmoja tu katika nchi nzima. Mwaka uliopita kibao hicho alikichukua Lwiza. Osmund alikuwa wa pili, nyuma yake kwa urefu wa boneti.

*

Lwiza alimkuta kaka yake nyuma ya hema la vifaa, amechuchumaa anapangusa spana ambayo tayari ilikuwa safi. Evaristo Kikoti ndiye aliyekuwa fundi wake tangu siku ya kwanza, mtu mpole mwenye vidole vilivyojaa makovu ya kuungua, na Lwiza hakumwamini mtu mwingine kuliko yeye.

"Kaka, ile swichi yangu ya Shangazi. Inazima nini?"

"Swali gani hilo? Inazima Shangazi."

"Nitazame."

Evaristo akaendelea kupangusa.

"Nimesema nitazame, kaka!"

Akainua uso. Alikuwa na macho ya mtu aliyesubiri swali hilo kwa muda mrefu mno.

"Inazima taa," akasema.

Lwiza akakaa chini, palepale kwenye changarawe.

"Unakumbuka mwaka ule wa kwanza?" Evaristo alianza kusema haraka, kama anaogopa kukatizwa. "Kona ya Chozi. Ulikwenda ubavu. Wewe ulikuwa ndani hukuona, mimi nilikuwa nimesimama pale juu ya mwamba. Niliona tairi lako la nyuma linazunguka hewani, Lwiza. Chini yake hakuna kitu mpaka mtoni. Nilikuwa nimemwahidi mama nitakurudisha. Nikasema basi, sitasimama tena pale kutazama. Wakaguzi wanaangalia lile boksi kubwa, wanakuta limezimwa. Huyu wangu mdogo nilimficha kwenye mota."

"Mbona sijawahi kumsikia? Shangazi wa barabarani anakushika mpaka shingo inacheza."

Na hapo, Mungu amsamehe, uso wa Evaristo ukang'aa kidogo. Fundi ni fundi.

"Yule wa barabarani ni mwoga. Akiona tairi linateleza chembe, anaminya nguvu yote. Ndiyo maana magari ya watu yana mota za kuvuta treni na yanaondoka kama mikokoteni. Ila tairi halishiki vizuri likitulia kabisa. Linashika vizuri zaidi likiteleza kidogo, kama sehemu moja ya kumi hivi. Ukizidisha, linajisugua bure: moshi mwingi, mwendo hakuna. Ukipunguza, nguvu umebaki nayo hujaitumia. Wangu anakaa pale pale kwenye hiyo sehemu ya kumi. Hakunyang'anyi, anakurekebisha tu. Ukikanyaga sana anapunguza, ukiogopa anaongeza. Ndiyo maana hukumsikia. Ulidhani ni wewe."

*Ulidhani ni wewe.* Lwiza alisikia maneno hayo yakimwingia kama maji ya baridi sikioni.

"Kwa hiyo mwaka jana…"

"Mwaka jana usukani ulishika wewe. Breki wewe. Kona ulizichagua wewe."

"Na mguu?"

Evaristo akarudi kupangusa spana.

Kutoka upande wa pili wa hema walimsikia mama Osmund akimtukana muuza maji. Lwiza alikumbuka kilele cha mwaka uliopita, Osmund akimpa mkono, akicheka na macho yamelowa. Osmund alikuwa amekitaka kibao cha kijani kwa sababu moja tu, na aliisema bila aibu. Baba yake alikuwa dereva wa lori la Songea, na mama yake alisafiri pembeni yake miaka mingi. Sasa bibi alitaka kurudi nyumbani Songea mara moja tu akiendeshwa na mguu wa mtu, asibebwe kama gunia. "Basi, mwakani," Osmund alikuwa amesema. Mwakani ndiyo leo, na miguu ya bibi ilikuwa haitoshi tena kwenye viatu.

"Sikiliza," Evaristo akamsogelea. "Namng'oa sasa hivi. Panda na mguu wako, ukishinda umeshinda, ukishindwa umeshindwa, na ya mwaka jana yamepita. Nani atajua?"

"Mimi."

"Ukisema watanifungia, mdogo wangu. Tena maisha. Mimi sina kazi nyingine, nina watoto wanne, najua magari tu." Akaiweka spana chini. "Halafu bila yeye utachelewa hapa chini, na kule juu utakufa. Hujui Kona ya Chozi. Unadhani unaijua."

Hilo la mwisho lilimuuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Alimpenda kaka yake na alitaka kumtwanga spana, yote mawili kwa pamoja, na king'ora cha kuwaita madereva kikalia.

*

Mchana lami ya Kitonga inaunguza. Mwenyekiti wa mashindano, Bi. Lalika, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyokuwa haihitaji kabisa kipaza sauti alichoshika, aliwaita wawili waliofika fainali mbele ya umati. Kiapo cha Mguu Mtupu ni kifupi. Unaweka unyayo wa kulia kwenye mstari wa kuanzia na unasema maneno manne.

Osmund akaweka wake. Alikuwa jitu la mtu, kifua wazi, kicheko tayari mdomoni.

"Mguu huu ni wangu!"

Umati ukalipuka. Lwiza akaweka wake. Lami ikamchoma. Unyayo ukaendelea kuungua naye hakuuondoa, na watu wakaanza kutazamana.

"Huu mguu," akasema mwishowe, "sijui kama ni wangu."

"Sema, mwanangu, hatukusikii," Bi. Lalika akasema.

"Mwaka jana nilipanda na Shangazi. Alikuwa amefichwa garini na sikujua. Nimejua leo asubuhi. Ushindi ule si wangu, ni wa Osmund Gama, na kibao ni chake." Akaenda kwenye Nyegere, akakibandua kibao cha kijani mbele ya gari, akakiweka chini kwenye miguu ya Osmund.

Nyani walisikika kule juu.

"Nani alimficha?" akauliza Bi. Lalika.

Lwiza akageuza uso asilitazame hema. Angeulizwa mpaka jioni asingemtaja.

"Mimi." Evaristo akatoka kwenye hema, akifuta mikono kwenye ovaroli. "Dada yangu hakujua. Ni mimi peke yangu."

Bi. Lalika akavuta pumzi. "Fundi anayeficha Shangazi anafungiwa maisha. Kila mtu hapa anajua. Lakini kanuni yetu ni kwamba anayelalamika ni aliyedhulumiwa, si mimi wala si umati. Osmund Gama. Unalalamika?"

Osmund hakuwa anacheka tena. Alimtazama Lwiza mpaka Lwiza akatamani ardhi impasukie.

"Mwaka mzima," akasema taratibu. "Mwaka mzima nimelala nikijiuliza huu mguu wangu una kasoro gani. Nimeufundisha upya kama mtoto anayeanza kutambaa. Mke wangu kachoka kunisikia nikikanyaga ubao wa kitanda usiku." Akakunja ngumi. "Natamani nikupige, Mhehe."

"Mpige mlimani!" mama yake akapaza sauti kutoka kwenye kiti. "Ukimpiga hapa utapata faida gani?"

Kicheko kimoja kikatoka kwenye umati, kikakosa mwenzake, kikazimika. Osmund alimgeukia mama yake, akaitazama ile miguu juu ya kreti, akatazama kibao cha kijani chini. Alikiokota.

"Hiki kinakwisha leo jua likizama. Nikifanyie nini, nikaangie mayai?" Akakirushia kwenye hema lake. Kisha akamgeukia mwenyekiti, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. "Bi. Lalika, mimi sina malalamiko. Huyu ni mtani wangu. Mtani hashtakiwi. Mtani anatozwa!"

Weee! Umati uliruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Bi. Lalika alitafuta kichwani mwake kanuni inayokataza utani Kitonga, hakuiona, akashusha kipaza sauti.

Osmund akanyoosha kiganja. "Faini ya kwanza, Shangazi."

Evaristo akapiga magoti pembeni ya Nyegere, akafungua mota ya nyuma, akatoa kidude cha ukubwa wa kibiriti. Alikishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika kabla ya kukitoa. Osmund akavaa shati, akakitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Mateka. Faini ya pili, fundi mwenyewe. Njoo huku, Evaristo. Utavaa fulana yangu, utakaa kwenye hema langu mbele ya skrini, utashika redio yangu, na utanishangilia mimi kwa jina mpaka kileleni. Nikikusikia umenyamaza, nalalamika."

"Nitashangilia," Evaristo akasema. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Na ya tatu?" Lwiza akauliza.

"Ya tatu nitakutajia kileleni, nikikusubiri."

Lwiza akarudi mstarini. Akaweka unyayo uleule uliobabuka palepale.

"Mguu huu ni wangu," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu akasikia.

*

Taa ikawaka kijani.

Akakanyaga kama alivyozoea, yote kwa mkupuo, maana kwa miaka miwili alikuwa akikanyaga hivyo na gari likiruka. Leo Nyegere alipiga ukelele. Matairi yote manne yalizunguka palepale, moshi mweupe ukafunika kioo, nyuma ya gari ikaanza kwenda kushoto kuelekea bondeni. Nguvu zote zilikuwepo, mota zilikuwa zinaunguruma, na mwendo hakuna! Gari lilikuwa kama ng'ombe aliyenasa topeni, kadiri anavyorusha miguu ndivyo anavyobaki.

Kulia kwake Nduna, gari jeusi la Osmund, lilitoa mlio mfupi wa raba na likaondoka.

Akaachia. Akaachia mno, gari likanywea. Akakanyaga, likateleza. Akaachia. Shangazi alikuwa akiifanya kazi hii mara elfu katika sekunde moja, bila jasho. Yeye alikuwa na mguu mmoja na vidole vitano, na unyayo wenyewe umeungua. Aliingiwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu aliyegundua mbele ya watu kwamba hajui kitu alichopewa zawadi kwa kukijua.

Vidole. Walipokuwa watoto Kilolo, yeye na Evaristo walitumwa kuteremsha ndoo za ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, msimu wa mvua, kwenye njia ya udongo mwekundu. Ukikanyaga kwa kisigino unakwenda na maji. Ukigandisha mguu unakwenda pia. Unatanguliza vidole, unauacha mguu uteleze kidogo, unausikiliza, na mahali fulani katikati ya kuteleza udongo unakushika. Alikuwa amejua kuteleza kabla hajajua kusoma.

Akakiondoa kisigino kwenye sakafu ya gari, akaishika pedali kwa vidole.

Nyegere akauma lami. Kiti kikampiga mgongoni, shingo ikarudi nyuma, na ule mlio wa matairi ukabadilika, ukelele ukashuka ukawa mchirizo mdogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Kumbe ndiyo sauti yake! Sehemu ya kumi ina sauti, na hakuwahi kuisikia kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akimsikilizia.

"Haya, Kitonga!" akapiga kelele peke yake. "Haya!"

Nduna alikuwa kona mbili mbele. Lakini Kitonga si mstari mnyoofu. Kila kona inakusimamisha karibu kabisa, na kila ukitoka kwenye kona ni kuondoka upya, mwanzo mwingine, nafasi nyingine ya kukosea. Ya kwanza akatoka vibaya, nyuma ikapepea. Ya pili akaogopa, akapoteza mwendo. Ya tatu akausikia ule mchirizo mapema, akaukalia palepale, akafika kona ya nne kabla hajawa tayari kufika. Nyani walioketi kwenye ukingo wakakimbia. Sasa alikuwa anaiona taa ya nyuma ya Nduna, kisha namba yake, kisha kichwa cha Osmund.

Kona ya Chozi ipo juu ya nusu ya mlima. Mwamba pale unavuja maji mwaka mzima, yanakatiza lami kwa utando mwembamba, yanaangukia bondeni. Tangu ule mwaka wa kwanza Lwiza alikuwa amepita hapo mara nyingi kwa kasi na hakuwahi hata siku moja kusikia kwamba pana maji.

Aliona Osmund akipunguza mwendo. Akajua, akili ikajua, lakini mguu ulikuwa na miaka miwili ya kuambiwa hapo pakavu, na mguu ukachelewa.

Gari likakosa uzito. Mchirizo ukazimika, usukani ukawa mwepesi kama mfuniko wa sufuria, na Nyegere akaanza kwenda ubavu, taratibu, nyuma ikitangulia, kuelekea ule ukingo ambao Evaristo alisimama na kuuangalia. Kila kitu mwilini mwake kilitaka breki. Akaikataa breki. Alitaka kuuondoa mguu wote, akaukataza pia. Akainua vidole kiasi, akageuzia usukani kule nyuma inakokwenda, na akasubiri, akiwa anaomba kwa Kihehe, lugha ambayo hakujua kama bado anaikumbuka.

Tairi la nyuma likagusa changarawe ya ukingoni. Mawe yakarushwa, yakaanguka, hakusikia yanafika chini.

Halafu tairi la mbele likatoka kwenye maji, likashika. Vidole vikasikia kabla ya masikio. Akarudisha mguu pole pole, kisha si pole pole, na Nyegere akanyooka, akaruka mbele, na Lwiza Kikoti akacheka kwa sauti huku machozi yanamtoka.

Kona ya mwisho walitoka karibu sambamba, Nduna upande wa mlima, Nyegere upande wa bonde, na mbele yao kipande kilichonyooka mpaka bendera ya kileleni. Hapo usukani hauna kazi wala ujanja wa kona. Ni nani anaikaribia ile sehemu ya kumi na kukaa nayo. Osmund alikanyaga, na Lwiza akasikia tairi lake likizidisha kuteleza kidogo, ukelele mwembamba, moshi kidogo tu, wa kujaza kopo. Yeye akabaki kwenye mchirizo wake. Pua ya Nyegere ikafika mlangoni kwa Nduna, ikafika kwenye boneti, ikapita, na bendera ikapeperuka juu yake.

*

Osmund alishuka, akaupiga mlango wa gari lake teke, akalipapasa kuliomba radhi, kisha akaja moja kwa moja na kumwinua Lwiza juu kama debe la mahindi.

"Umenipiga mlimani, we Mhehe!"

"Nishushe, mguu unaniuma!"

"Kaka yako kaniimbia redioni njia nzima, 'Osmund, Osmund,' sauti ya mtu anayemeza kwinini. Ulipokwenda ubavu pale kwenye Chozi akanyamaza kabisa, nikadhani redio imekufa. Kona ya mwisho akajisahau, 'Kanyaga, mdogo wangu, kanyaga!' Mimi nami nikakanyaga." Akacheka mpaka akainama. "Ningekuwa mtu wa visingizio, hicho kingenitosha mpaka mwakani."

"Utalalamika?"

"Kwa lipi? Leo nimeshindwa na mtu." Alisema hivyo na uso ukamtulia, na Lwiza akaona kwamba mwaka ule mzima wa kutolala ulikuwa umemtoka mabegani. Osmund akapapasa mfuko wa shati. "Shangazi naye ameona yote. Hajasema neno."

Sauti ya Bi. Lalika ikasikika kutoka kwenye spika za kileleni, na bila shaka kutoka bondeni pia, ikitangaza Mguu Huru wa mwaka, Lwiza Kikoti. Mtu akaleta kibao kipya cha kijani. Lwiza akakipokea kwa mikono miwili, na palepale furaha ikamkumbusha deni.

"Osmund. Mama yako. Safari ya Songea…"

"Ndiyo faini ya tatu," Osmund akamkatiza. "Nilikuwa nimeipanga kwa namna nyingine, nikiwa nimeshinda, lakini inatosha hivihivi. Kibao ni chako, hakihamishwi. Basi mguu wako ndio utakaomfikisha mama yangu nyumbani. Leo. Mimi nitakaa kiti cha nyuma. Na nakuonya, atakutukana kutoka hapa mpaka Songea, Makambako hatapumzika, Njombe ndiyo atazidi."

Waliteremka mlima pamoja. Chini, Evaristo alikuwa amesimama katikati ya barabara, fulana ya Osmund imemfika magotini, redio bado mkononi. Lwiza alishuka garini akachechemea hadi kwake. Evaristo alichuchumaa tu, akaushika ule unyayo uliobabuka, akautazama chini na juu kama anavyotazama tairi baada ya mbio.

"Ulitumia vidole," akasema.

"Kama Kilolo."

"Nilisikia redioni. Tairi lilivyolia. Mimi sikumfundisha Shangazi ile sauti." Akafuta pua kwa mkono wa fulana ya Osmund.

Mama Osmund alikuwa tayari amesimama, kapu lake na mwavuli vimeshikwa na mwanawe. Alikuwa amefika kwenye mstari wa kuanzia, upande wa bonde, na anainama kutazama lami. Pale palipokuwa safi asubuhi palikuwa na mistari miwili myeusi, minene, imepinda kushoto, imekatika, ikaanza tena, ikakatika, halafu ikanyooka kuelekea mlimani.

"Mwandiko mbaya," bibi akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nimeona watoto wa chekechea wanaandika vizuri kuliko huu."

"Ndiyo, Mama."

Bibi akamshika Lwiza mkono, akajishusha kwenye kiti cha mbele huku akiguna, akaipanga miguu yake mmoja baada ya mwingine, akafunga mkanda, akatazama mbele pale barabara inapoanza kupanda.

"Lakini sasa tunajua kuna mtu alipita hapa," akasema. "Haya, kanyaga, twende nyumbani."